Fuko wa Ujiji na Fuko wa Hanang

Fuko ni mnyama mgugunaji aishiye ndani ya mashimo. Huchimba kwa meno yake ya mbele, na midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Mkulima wa viazi humtambua mara moja kwa vilima vya udongo shambani. Lakini je, fuko wote ni wa spishi moja?

Macho peke yake hayatoshi kulijibu swali hilo. Maisha ya shimoni huwafananisha wanyama: mwili wa mviringo, macho madogo, miguu mifupi. Hivyo spishi mbili zaweza kufanana kwa umbo, ingawa zilitengana tangu zamani sana. Huko Zambia, kwa mfano, fuko wa Lusaka na fuko wa Kafue walitangazwa kuwa spishi mbili mpya mwaka 1999. Chembe za yule wa kwanza zina kromosomu 68. Za wa pili zina 58. Mwaka 2006 fuko hao na jamaa zao waliwekwa katika jenasi Fukomys, jina lililotokana na neno la Kibantu "fuko" na neno la Kiyunani "mys", yaani panya.

Nchini Tanzania fuko aliyeenea zaidi ni yule wa rangi ya fedha, wa jenasi Heliophobius, aishiye peke yake. Fuko wa jenasi Fukomys huishi kwa jamaa, na wengi wao wako magharibi ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, makundi machache yapo Ujiji na kandokando ya Mlima Hanang, mbali na wenzao. Mwaka 2017 Faulkes, Mgode na wenzao walitangaza matokeo ya kuyachunguza makundi hayo. Walilinganisha mafuvu, pamoja na jeni ya saitokromu b iliyomo katika mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama tu. Makundi yakitengana kwa vizazi vingi, tofauti hulimbikana katika jeni hiyo, na kwa kuzihesabu twaweza kukadiria muda wa utengano. Ilionekana kwamba kila kundi ni ukoo wa pekee. Fuko wa Ujiji akaitwa Fukomys livingstoni, na wa Hanang Fukomys hanangensis.

Walitenganaje? Fuko hasafiri mbali. Mto mkubwa kwake ni ukuta. Kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa la Magharibi na kubadilika kwa mikondo ya mito kuliwagawa. Baadaye mabadiliko ya tabianchi na misukosuko ya ardhi kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa yakazidi kuwatenga.

Basi uainishaji si kazi ya kubuni majina tu. Kundi dogo likihesabiwa kuwa sehemu ya spishi iliyoenea kwingineko, likiangamia itadhaniwa kwamba hasara ni ndogo. Lakini likijulikana kuwa spishi kamili, twatambua kwamba likitoweka, ukoo mzima umetoweka, wala hautarudi.