Hukumu ya Windo Lililojeruhiwa Likapotea Katika Theluji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mlango wa uwindaji ni miongoni mwa milango ya fiqhi ambayo wanafunzi wetu wa pwani huipita mbio, kwani ni wachache kati yetu wanaokula kwa mshale. Lakini ndugu zetu walioko nchi za baridi wanauhitaji kila mwaka. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wanaishi Waislamu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki hufunguliwa mwezi wa Novemba, wakati theluji imeanza kuanguka. Ayala ndiye Waarabu wamwitaye ayyil. Dume lake lina pembe zenye matawi, zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Si paa wala kulungu wa kwetu, ingawa nyama yao wote ni halali.

Mas'ala yenyewe ni haya: mtu ametaja jina la Mwenyezi Mungu, akampiga ayala jioni, mnyama akakimbilia msituni akivuja damu. Upepo unavuma, theluji inafukia nyayo. Asubuhi anamkuta amekufa. Je, ni halali au ni mzoga?

Asili yake ni hadithi ya Adiyy bin Hatim (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimruhusu kula windo lililomtoweka siku nzima ikiwa hakuona kwake athari nyingine isipokuwa ya mshale wake, akamkataza kama amelikuta limezama majini, kwa sababu hajui ni maji yaliyoua au ni mshale. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.) ruhusa ya kula hata baada ya siku tatu maadamu halijanuka. Bunduki imefuata hukumu ya mshale kwa kauli ya wengi katika wanavyuoni wa zama za karibu, akiwemo Shaukani (aliyefariki mwaka 1250 H), kwa kuwa risasi hutoboa na kupenya, wala haiui kwa uzito wake kama gongo.

Katika madhehebu yetu ya Kishafii mambo ni mazito zaidi. Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu tunachokisomesha, inasema kwamba aliyejeruhiwa kisha akatoweka na kukutwa amekufa ni haramu katika kauli iliyo dhahiri zaidi. Lakini Nawawi huyo huyo, katika Majmuu na katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, ameipa nguvu kauli ya uhalali kwa upande wa dalili. Mwanafunzi asishangae: Minhaj inanakili madhehebu, na kule anapima hadithi. Nami naona kauli ya uhalali ndiyo ya kufutu, kwa masharti yake.

Na masharti yenyewe yote yamo katika neno "athari". Theluji ni shahidi. Ikiwa imetulia huonyesha tone la damu, mahali mnyama alipolala akainuka, na nyayo za mbwa mwitu kama walimfikia. Upepo ukishaifuta, shahidi aliyebaki ni mwili. Basi mwindaji atazame: kuna tundu moja au mawili tofauti? Kuna alama za meno? Ameanguka gengeni, akaingia katika mutaraddiya waliotajwa katika Suratul Maida aya ya 3? Amevunjikiwa na barafu ya ziwa akazama? Hapo shaka imeingia, na asili katika nyama ni uharamu mpaka sababu ya uhalali ithibiti. Ama risasi ikiwa imempasua moyo, theluji iliyomfunika baadaye haidhuru kitu.

Wako wanaodhani kwamba kutonuka kwatosha. Baridi huzuia harufu, kwa hiyo kutonuka si dalili ya namna alivyokufa. Tena manyoya ya ayala wakati wa baridi ni mazito yenye kuhifadhi joto. Mwili ulioachwa na matumbo yake usiku kucha huweza kuharibika ndani huku ngozi imeganda.

Linabaki jambo la kusubiri. Wawindaji wa huko hungoja kama nusu saa kabla ya kufuata, kwa kuwa mnyama akifukuzwa mapema hukimbia mbali, na aliyepigwa tumboni humwacha saa nyingi. Mafaqihi wetu hawakumlazimisha mwindaji kukimbia, kutembea kwatosha, na kungoja kidogo kwa ajili ya kumpata nakuhesabu kuwa sehemu ya kufuata. Lakini kurudi nyumbani kuota moto bila udhuru ni jambo jingine. Riwaya ya Bukhari inamzungumzia anayefuata nyayo siku mbili au tatu, si aliyelala. Mnyama huenda alikuwa hai akimngoja kisu.

Udhuru wa kweli upo. Tarehe 11 Novemba 1940 dhoruba ya theluji iliua watu 49 katika Minnesota peke yake, wengi wakiwa wawindaji wa bata waliotoka asubuhi bila nguo nzito kwa kuwa hewa ilikuwa ya joto. Anayerudi kwa kuogopa hali kama hiyo hakufanya uzembe, bali ametii aya ya 195 ya Suratul Baqara. Akirejea kukipambazuka, ahukumu kwa athari kama tulivyoeleza.

Na akimkuta yu hai uhai uliotulia, hapana njia ila kuchinja. Minhaj imetaja mtu ambaye kisu kimenasa alani mpaka windo likafa: ni haramu, kwa uzembe wake. Huku kwetu mfano huo twausoma kama jambo la nadra. Kule, ala iliyoingia theluji huganda, na vidole vilivyokufa ganzi havifungui kifungo. Kisu na kikae ndani ya koti, karibu na mwili, na kijaribiwe kabla ya kufyatua risasi.

Wallahu a'lam.