Vidonge vya damu, TLD na saa za kuvitenganisha

Kuna kidonge ambacho mwanamke hukihitaji zaidi kabla hajajua kwamba ana mimba. Ni asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya takribani siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti wa Uingereza, uliohusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo, ulionyesha kuwa asidi ya foliki hupunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Kwa hiyo anayepanga kubeba mimba anashauriwa ameze mikrogramu 400 kila siku, asisubiri kliniki.

Naanza na ushahidi huu kwa sababu virutubishi vya vidonge si ulaghai. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila baada ya miezi sita hulinda macho na uhai mahali ambapo chakula hakina vitamini hiyo ya kutosha. Lakini faida hizi zote huonekana penye upungufu au mahitaji makubwa. Asiyepungukiwa hapati afya zaidi kwa kuongeza dozi, na wakati mwingine huumia. Huko Ufini, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti uliotoa matokeo mwaka 1994. Waliopewa betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Watafiti walitarajia kinyume chake.

Kwetu hatari iliyo karibu zaidi haitokani na wingi wa dozi. Inatokana na vidonge viwili, vyote halali na vyote vinavyohitajika, kumezwa kwa mkupuo mmoja.

Mama mjamzito anayeishi na VVU huondoka kliniki na TLD, dawa ya kufubaza virusi inayotumika sana Afrika Mashariki, pamoja na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Ndani ya TLD mna dolutegraviri. Ili virusi vijipenyeze katika vinasaba vya seli, vinatumia kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila magnesiamu. Dolutegraviri huing'ang'ania magnesiamu hiyo na kukizima kimeng'enya. Uwezo huohuo wa kung'ang'ania madini ndio unaoiponza ikiwa bado tumboni: ikikutana na chuma au kalsiamu hushikamana nayo, na dawa iliyoshikamana na madini hainyonywi vizuri kuingia kwenye damu. Watu waliomeza dolutegraviri pamoja na chuma bila kula, kiasi cha dawa kilichofika kwenye damu kilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kalsiamu, upungufu ulikuwa karibu asilimia 40.

Mama huyo akivimeza pamoja bila kula hatahisi chochote. Damu yake itaongezeka, atajiona ana nguvu, huku virusi vikipata nafasi ya kuzaliana na mtoto akiwa hatarini kuambukizwa. Linaloniumiza ni kwamba kinga yake ni rahisi mno. Akimeza TLD na vidonge vya damu pamoja na chakula, dawa hunyonywa vizuri. Akimeza bila kula, TLD itangulie saa mbili kabla ya vidonge vya damu, au ifuate saa sita baadaye. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu ni kali zaidi kwa jambo hili: chakula hakitoshi, ni lazima zitenganishwe kwa saa hizohizo. Maelezo haya yanapaswa kutolewa dirishani pale dawa zinapokabidhiwa, kwa sauti, kila mara.

Mitishamba nayo hugusa dawa, ila kwa njia nyingine. Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa, na baadhi ya mimea huvichochea vifanye kazi kwa kasi. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa sana Ulaya na Marekani kwa ajili ya sonona, hufanya vidonge vya uzazi wa mpango na dawa kadhaa za VVU ziishe mwilini kabla ya wakati. Hata kitunguu saumu, kikiwa katika vidonge vya dozi kubwa, kilipunguza kwa nusu kiwango cha saquinavir, dawa ya zamani ya VVU. Hayo hayahusu kitunguu saumu cha kuungia mchuzi.

Kisha kuna dawa zinazoitwa za asili ambazo si mitishamba kabisa. Wadhibiti wa dawa wa nchi nyingi wamekuta sildenafil, dawa ya hospitali, imefichwa ndani ya vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akivimeza, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla hata akafa, na hakuna aliyemwonya kwa kuwa kwenye kopo pameandikwa majani tu.

Wagonjwa wengi huficha mitishamba kwa daktari kwa sababu waliwahi kukaripiwa. Daktari au muuguzi anayeuliza kwa upole, "Na nyumbani unatumia nini kingine, dawa za asili, vitamini, chochote?", kisha akasikiliza jibu bila kukunja uso, ndiye atakayejua kwa nini dozi sahihi haifanyi kazi. Nawe usipoulizwa, yaweke makopo na mizizi kwenye mfuko uende nayo.