Mfuko Uliotupwa Himbi Waenda Wapi?

Mama mmoja wa Himbi, mjini Goma, amerudi sokoni. Ametoa sambaza katika mfuko wa plastiki, na mfuko mtupu ameutupa nje ya ua. Usiku mvua imenyesha. Asubuhi mfuko haupo tena, naye mama adhani kwamba umepotea. Je, umepotea kweli?

La, wasomaji wapenzi. Maji ya mvua yameteremka juu ya mawe meusi ya volkano Nyiragongo, yakaufikisha katika Ziwa Kivu. Huko hauozi. Jua na mawimbi huupasua vipande vidogo vidogo, navyo hubaki plastiki vile vile, katika maji yale yale ambamo watoto wetu huchota kwa mabidoni na wavuvi hutega sambaza.

Tena ziwa lina mlango. Huko kusini, penye mji wa Bukavu, kama kilometa 100 kutoka Goma, maji hutoka kwa mto Ruzizi. Hapo pana kituo cha umeme kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara nyingi takataka za plastiki zimeziba mitambo yake, na nyumba za Bukavu zikakaa gizani.

Na mfuko ukipenya? Ruzizi huingia Ziwa Tanganyika. Toka huko, penye Kalemie, mto Lukuga huyapeleka maji Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, unaoingia baharini penye Banana. Pwani hiyo ya Muanda ina misitu ya mikoko, iliyowekwa chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1992. Mikoko humea katika matope ya maji ya chumvi, na mizizi yake hutokeza juu ipate hewa. Kati ya mizizi hiyo samaki wachanga na kaa hujificha na kukua. Plastiki ikiifunika, mti hukosa pumzi, hudhoofika, hata hufa. Mifuko mingi hukwama kabla ya kufika huko. Lakini mfuko ukikwama wadhuru, na ukipita wadhuru.

Twajua taabu ya Himbi: kuchimba shimo la taka katika jiwe la volkano si kazi ndogo. Rwanda, jirani yetu, ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na serikali ya Kongo ikatoa amri yake mwaka 2017. Lakini amri haiokoti mfuko. Mkono ndio uokotao. Basi, tuende sokoni na kikapu. Nyumbani tuweke gunia moja kwa plastiki peke yake, tuwakabidhi wachukuzi wa takataka. Nanyi wanafunzi, zoeni mifereji kabla ya mvua, si baada yake.

Akaaye penye chimbuko la maji asisahau kwamba chini yake yuko mwingine anayekunywa.