Zege na Chuma Mbele ya Tetemeko na Moto

Muundo mseto wa chuma na zege ni ule ambao boriti au nguzo ya chuma iliyotengenezwa kiwandani hufanya kazi pamoja na zege kama kiungo kimoja, nao hutofautiana na zege la kawaida la nondo kwa kuwa chuma chake huweza kusimama na kubeba mzigo hata kabla zege halijamwagwa. Uimara wake hautokani na kujumlisha nguvu za vitu viwili, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali hutokana na jinsi kila kimoja kinavyozuia udhaifu wa mwenzake. Katika nguzo ya bomba la chuma lililojazwa zege, bomba hulibana zege lisipasuke na kutawanyika, huku zege likizuia ukuta wa bomba usibonyee kwa ndani. Na moto ukiwaka, zege huendelea kubeba mzigo baada ya bomba kulegea. (Nguzo hizo hutobolewa matundu madogo, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya zege hugeuka mvuke ambao, ukikosa pa kutokea, huweza kulipasua bomba.)

Japani iliujua muundo huu mapema. Tetemeko la Kanto la Septemba 1923 lilipoiharibu Tokyo, jengo jipya la benki ya Nihon Kogyo Ginko, lililosanifiwa na mhandisi Naito Tachu kwa fremu ya chuma iliyofunikwa zege, lilisalia karibu bila dhara. Hata hivyo, tetemeko la Kobe la Januari 1995 liliyaangusha baadhi ya majengo ya zamani ya aina hiyohiyo, hasa yale ambayo chuma chake kilikuwa cha vipande vyembamba vilivyounganishwa kimiani badala ya boriti nzima.

Kwa upande wa moto, chuma kikifikia nyuzijoto 600 za Selsiasi hubakiwa na takribani nusu tu ya nguvu zake. Ndiyo maana majaribio ya Cardington, Uingereza, katika miaka ya 1990, yaliwashangaza wataalamu: boriti zisizokingwa za jengo la ghorofa nane zilipata joto kali kupita kiwango hicho, lakini sakafu hazikuporomoka, kwa kuwa zege na nondo zake zilining'inia kama shuka lililoshikwa pembe zote na kuuhamishia mzigo kwenye nguzo.

Kinyume chake kilitokea New York mwaka 2001, katika jengo la 7 World Trade Center lenye ghorofa 47. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taasisi ya serikali ya NIST, boriti za sakafu zilirefuka kwa joto na kuisukuma boriti kuu hadi ikachomoka kwenye kikalio chake, nayo haikuwa imefungwa kwenye zege kwa misumari minene ya kuchomelea ambayo kwa kawaida huviunganisha viwili hivyo. Sakafu zilipoanguka, nguzo namba 79 ilikosa cha kuishikilia kando, ikapinda kwa uzito ambao ilikuwa imeubeba tangu 1987.