Kiti cha Prodyuza: Mgongo, Sikio na Hewa ya Mtwara

Kijana anayefungua studio chumbani kwake Mtwara hununua kwanza kompyuta, kipaza sauti na spika. Kiti hakimshughulishi, huvuta kile cha plastiki kilichoko barazani. Lakini kiti nacho ni chombo cha studio: kinaamua atafanya kazi saa ngapi bila maumivu, na hata atasikia nini.

Tuanze na mgongo. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini ambavyo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani. Katika miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya visahani hivyo kwa watu walio hai. Vipimo vya watafiti waliomfuata vilitofautiana na vyake katika baadhi ya mambo, ila mawili yamesimama: kuinama mbele huongeza mzigo, kuegemea nyuma huupunguza. Basi tafuta egemeo linaloshika kiuno. Nyayo zikanyage sakafu zote, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Mpiga gitaa achague kiti kisicho na mikono.

Sasa sikio. Spika ndogo inayotoa sauti nyembamba inapaswa kuwa usawa wa masikio. Ukikaa chini mno, sauti hizo zinafifia, nawe utazizidisha bila sababu. Egemeo refu na gumu nalo lina hila. Likiwa sentimita 15 nyuma ya sikio, sauti inayogonga na kurudi husafiri sentimita 30 zaidi. Kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, kwenye joto la nyuzi 30, mwangwi huo hupunguza sauti za karibu hezi 580, palepale penye uimbaji. Egemeo liishie mabegani. Na kiti kinacholia kikikaliwa hakifai: kipaza sauti kitanasa kila mlio.

Hewa ya pwani ina masharti yake. Kuanzia mjini hadi Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, unyevu na chumvi hula skrubu, na ngozi ya bandia huanza kubanduka. Jasho nalo hukosa pa kutokea. Egemeo la wavu linapitisha hewa. Njia nyingine ni kumwendea fundi seremala na vipimo vyako, akuundie fremu ya mninga iliyosukwa kamba, viungo vikiwa vya gundi na ulimi badala ya misumari inayolegea.

Kabla ya kulipa, kalia kiti hicho kwa muda wa nyimbo tatu nzima, mikono ikiwa mahali pa kinanda. Na hata ukipata kilicho bora, inuka kila baada ya nusu saa: hakuna kiti kinachoondoa haja ya mwili kujongea.