Je, Wajua? Ramani ya Matatu Ilichorwa Ndani ya Matatu

Je, wajua kwamba kabla ya simu kuweza kukuelekeza matatu ya kupanda Nairobi, ilibidi wanafunzi wazipande kwanza? Kuanzia 2012, mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, uliwapakia garini na simu zenye GPS. Walirekodi kituo baada ya kituo, hata vile visivyo na kibao. Zaidi ya njia 130 zilipatikana. Ramani ilitoka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia Google Maps. Data yote ilipangwa kwa mfumo wa GTFS, uliobuniwa Portland, Marekani, mwaka 2005. Ni mafaili ya maandishi tu: moja la vituo, jingine la njia, jingine la saa.

Kuna atakayepinga: matatu haina ratiba, huondoka ikijaa, basi programu itasaidia nini? Ni kweli, dakika haitabiriki. Lakini njia inajulikana: namba 111 huenda Ngong, ijae mapema au ichelewe. Mgeni anahitaji kwanza kujua steji, namba na pa kubadilishia gari. Na njia zikihama? Ndiyo sababu data ilitolewa bure kwa umma, wengine waiendeleze. Programu haiujui mji yenyewe. Hujua kile tu ambacho watu wamekizungukia na kukiandika.