Dawa ya Kifua Kikuu Inapokataa: Herufi Moja na Amana ya Elimu

Katibu wa kamati ya msikiti haandiki mihutasari ya vikao na hesabu za michango peke yake. Huandika pia majina ya wagonjwa wanaopaswa kuzuriwa. Katika daftari langu limo jina la kijana mmoja, fundi seremala, ambaye jamaa zake walitujia kuomba nauli ya kumpeleka hospitali ya mbali. Alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu kwa zaidi ya miezi miwili bila kukosa siku, na kikohozi kilikuwa palepale. Mama yake mkubwa aliuliza swali ambalo limekaa nami hadi leo: "Dawa ni ileile iliyomponya jirani yetu. Kwa nini kwa mwanangu imekataa?"

Wengine waliokuwapo walikwisha kuwa na majibu yao. Mmoja alisema kijana karogwa. Mwingine alinong'ona kwamba bila shaka alikuwa akizitupa dawa. Vipimo vilipofanywa upya, ikabainika kuwa ana kifua kikuu sugu. Tabibu alitueleza kwamba mtu anaweza kuambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu tangu walipotoka kifuani mwa mwingine, akafuata masharti yote, na bado asipone kwa dawa za kawaida.

Makala haya ni jaribio la kumjibu mama yule kwa ukamilifu kuliko nilivyoweza siku ile.

Jinsi usugu unavyozaliwa

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, tabibu Robert Koch alitangaza kwamba amemtambua bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kupatikana dawa ya kumwua. Dawa hiyo, streptomaisini, iligunduliwa katika miaka ya 1940, na furaha yake haikudumu. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1948, wagonjwa waliopewa dawa hiyo walipata nafuu ya haraka, kisha wengi wao wakarudi kuumwa, kwa kuwa bakteria walikwisha kuizoea.

Sababu yake haina muujiza. Katika pafu lililoathirika huishi mamilioni ya bakteria, nao wanapozaliana hutokea makosa madogo katika vinasaba vyao. Mengi ya makosa hayo hayana maana, lakini mara chache moja humkinga bakteria dhidi ya dawa fulani. Dawa ikitumika peke yake huwaua walio dhaifu na kumwachia uwanja yule mmoja aliyekingwa, naye huzaa kizazi kipya chenye kinga ileile. Ndiyo maana kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja: anayeikwepa ya kwanza huuawa na ya pili. Na ndiyo maana anayekatiza matibabu kwa kuwa amejisikia vizuri huwapa bakteria nafasi ya kujipanga upya.

Eneo letu lina sehemu yake katika historia hii. Majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofanywa na watafiti wa Uingereza pamoja na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndiyo yaliyosaidia kuthibitisha kwamba dawa mpya ya rifampisini, ikichanganywa na isoniazidi na nyinginezo, inaweza kumponya mgonjwa kwa miezi 6, baada ya zama ambazo tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walijitolea, na dunia nzima ikanufaika.

Kitabu chenye herufi milioni nne

Vinasaba vya bakteria huyu ni mfano wa kitabu kirefu. Mwaka 1998 wanasayansi wa Ufaransa na Uingereza, wakiongozwa na Stewart Cole, walichapisha kitabu hicho chote kwa mara ya kwanza: zaidi ya herufi milioni 4.4, zenye jeni zipatazo 4,000. Hawakukifungia kabatini. Mtafiti yeyote aliruhusiwa kukisoma.

Katika lugha yetu, herufi moja tu hutenganisha "chanzo" na "chanjo". Ndivyo ilivyo kwa bakteria huyu. Herufi moja ikibadilika mahali maalumu, rifampisini hushindwa kumshika. Kwa bahati nzuri, zaidi ya asilimia 95 ya mabadiliko yanayoleta usugu wa rifampisini hutokea katika sehemu moja fupi yenye herufi 81. Kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwishoni mwa mwaka 2010, huisoma sehemu hiyo kutoka katika makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Kabla yake ilibidi kuwaotesha bakteria maabara na kungoja majuma kadhaa. Kipimo hiki kimeokoa maisha ya watu wengi, nasi hatuna sababu ya kukibeza.

Mkasa wa Eswatini

Lakini je, badiliko likitokea nje ya herufi zile 81? Swali hili lilijibiwa kwa uchungu katika nchi ndogo ya Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland. Watafiti waliochunguza bakteria waliokusanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 waligundua kwamba karibu theluthi moja ya wale waliokuwa sugu kwa rifampisini na isoniazidi kwa pamoja walibeba badiliko moja lililo nje ya sehemu inayosomwa na kipimo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Baadaye bakteria wa aina hiyo waliripotiwa pia Afrika Kusini.

Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Mgonjwa anatoa makohozi. Mashine inajibu kwamba rifampisini itafaa. Tabibu anaandika dawa kwa nia njema, na mgonjwa anazimeza kwa uaminifu. Ugonjwa haupoi, na nyumbani watoto wanalala chumba kimoja naye. Mashine haikusema uongo, maana ilijibu swali iliyoulizwa tu. Ilisoma ukurasa mmoja, na kosa lilikuwa katika ukurasa mwingine.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba vinasaba vya baadhi ya bakteria hao viliposomwa kwa ukamilifu, vilionekana pia na mabadiliko yanayodhoofisha bedakwilini, dawa mpya ambayo leo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu sugu.

Kwa nini elimu hii haifai kufichwa

Hospitali moja ikiona badiliko geni kwa mgonjwa mmoja, haina njia ya kujua kama ndilo lililoleta usugu au ni kosa lisilo na madhara. Hospitali mia zikiweka pamoja walivyosoma, ukweli hujitokeza. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa mataifa mbalimbali lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya bakteria 10,209 kutoka nchi 16, wakaonyesha kwamba usomaji wa vinasaba unaweza kubashiri kwa usahihi mkubwa ni dawa gani kati ya zile nne za kawaida zitafanya kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya kwanza ya mabadiliko yanayohusiana na usugu, iliyojengwa juu ya sampuli zaidi ya 38,000 kutoka nchi zaidi ya 40. Toleo la pili, la mwaka 2023, lilivuka sampuli 52,000.

Badiliko lile la Eswatini sasa limo katika orodha hiyo. Zimo pia programu za kompyuta zisizolipiwa, kama TB-Profiler iliyotengenezwa katika chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, ambazo humwezesha mtaalamu wa maabara kulinganisha bakteria wa mgonjwa wake na elimu iliyokusanywa duniani kote. Kilichofichika kwa mgonjwa mmoja mwaka 2009 hakina ruhusa tena ya kumficha mwingine, mradi maabara iwe na mashine ya kukisoma.

Hofu zenye haki

Wapo wanaouliza: je, siri ya mgonjwa itabaki salama? Ni swali la haki. Herufi zinazosomwa ni za bakteria, si za mtu. Hata hivyo, bakteria wa watu wawili wakifanana karibu herufi kwa herufi, huashiria kwamba ugonjwa ulipita baina yao au kwa mtu wa tatu aliye karibu nao. Habari hiyo, ikimfikia mwenye ulimi mrefu, inaweza kuvunja ndoa na kufunga duka la mtu. Kwa hiyo majina na anwani sharti ziondolewe kabla ya takwimu kuwekwa hadharani. Hiyo ni amana, na anayeivunja huwafanya wagonjwa wajifiche.

Ya pili ni uadilifu. Nchi zinazotoa makohozi zisibaki zikingoja majibu kutoka ng'ambo. Zinastahili mashine, wataalamu waliofunzwa, na dawa kwa bei inayobebeka.

Wajibu wetu

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walifariki. Hakuna sababu ya kukata tamaa, kwani tiba ya kifua kikuu sugu iliyochukua hadi miezi 20 na zaidi, pamoja na sindano zilizowaharibu wengine masikio, sasa kwa wagonjwa wengi ni vidonge vya miezi 6. Hapa Tanzania matibabu hutolewa bure katika vituo vya umma, na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imewahudumia wenye kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009.

Kwa hiyo, mwenye kikohozi cha majuma mawili aende kupimwa. Aliyeanza dawa azimalize, wala asimgawie mwenzake. Anayemeza dawa na haoni nafuu arudi kwa tabibu aombe kupimwa upya, wala asikubali kuambiwa karogwa. Nasi wa misikiti tufungue madirisha, tuzuie ndimi zetu, na tusiwaache wagonjwa peke yao.

Kijana wetu alibadilishiwa dawa na akamaliza. Mama yake mkubwa nilipomweleza habari ya herufi moja, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hakuwa na kosa." Naam, mama. Hakuwa na kosa.